Namna ya Kuandika Wasifu wa Mchezaji wa Kriketi wa Ridhaa wa Enzi ya Malkia Victoria: Mfano wa C. T. Studd

Anayetaka kuandika kwa Kiswahili maisha ya mchezaji wa kriketi wa ridhaa wa enzi ya Malkia Victoria hana budi kumchagua mtu mmoja na kumfuata tangu kuzaliwa hadi kaburini, kwa sababu maelezo ya jumla kuhusu kundi zima la wachezaji hao huishia kuwa orodha ya mikimbio na majina ya shule za matajiri. Katika mwongozo huu nimemchagua Charles Thomas Studd, aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 1860 huko Spratton, Northamptonshire, na kufariki tarehe 16 Julai 1931 huko Ibambi, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Nimemchagua kwa kuwa anatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili kuliko mchezaji mwenzake yeyote wa wakati ule: mtu huyu aliyeichezea Uingereza katika mechi iliyozaa Ashes, shindano la kriketi kati ya Uingereza na Australia, ndiye aliyekuja kulitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo, na huko watu walimwita Bwana Mukubwa.

Ugumu wa kazi hii uko hapo hapo. Waandishi wa kriketi humwacha Studd mwaka 1884, na waandishi wa makanisa huanza naye mwaka huo huo, wakiitaja kriketi kama kitu kidogo alichokitupa. Matokeo yake ni kwamba tuna nusu mbili za mtu mmoja, na kila nusu imeandikwa na watu ambao hawakuijali nyingine. Wasifu mzuri ni ule unaoonyesha kwamba mchezaji na mmisionari walikuwa mtu yule yule, na kwamba kinachowaunganisha ni hadhi yake ya mchezaji wa ridhaa: mtu aliyeweza kufanya kazi kubwa bila kuhitaji kulipwa, kwa kuwa alizaliwa katika mali.

Kwa hiyo anza na hadhi kabla hujaanza na mchezo. Msomaji wa leo akisikia kwamba fulani alikuwa mchezaji wa ridhaa hufikiri kwamba hakuwa na kiwango cha juu, au kwamba alicheza siku za mapumziko tu. Kwa Uingereza ya karne ya 19 sivyo ilivyokuwa. Uridhaa ulikuwa tabaka. Mchezaji wa ridhaa alihesabiwa kuwa muungwana, na mchezaji wa kulipwa alihesabiwa kuwa mtumishi, hata kama walisimama bega kwa bega uwanjani na hata kama yule wa kulipwa ndiye aliyekuwa hodari zaidi. Katika viwanja vingi makundi hayo mawili yalikuwa na vyumba tofauti vya kubadilishia nguo na malango tofauti ya kuingilia uwanjani. Tangu mwaka 1806 ilichezwa mechi kati ya Gentlemen, yaani waungwana wa ridhaa, na Players, yaani wa kulipwa, na desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1962, mgawanyo huo ulipofutwa rasmi. Unahodha wa timu za kaunti na wa timu ya taifa ulikuwa, kwa desturi, mali ya waungwana.

Hata kadi za matokeo zilishuhudia tofauti hiyo. Muungwana aliandikwa kwa herufi za mwanzo za majina yake, na wa kulipwa mara nyingi aliandikwa kwa jina la ukoo peke yake. Hapa pana jambo la kuzingatia katika uandishi wako: usiziondoe herufi hizo. Katika familia ya Studd ndugu kadhaa walicheza kriketi ya daraja la kwanza, na watatu kati yao, yaani G. B., C. T. na J. E. K., walipokezana unahodha wa Chuo Kikuu cha Cambridge katika miaka ya 1882, 1883 na 1884. Ukiandika Studd tu, utampa mmoja mikimbio ya mwingine, na nimeona makala nzuri zikiharibika kwa kosa hilo moja.

Ukishaeleza tabaka, eleza fedha, na ueleze bila kuona haya. Baba yake, Edward Studd, alitajirika kwa kilimo cha mnili, mmea wa kutengenezea rangi ya buluu, huko Tirhut kaskazini mwa Bihar nchini India, kisha akarudi Uingereza kuishi maisha ya mtu mkubwa wa shamba huko Tedworth. Farasi wake Salamander alishinda mbio za Grand National mwaka 1866. Wasifu mwingi hulitaja jambo la farasi kwa furaha na kulipita shamba la mnili kwa neno moja. Mimi naona ni afadhali kugeuza uzito huo. Mashamba ya mnili ya Bihar yaliwalazimisha wakulima wadogo kutenga sehemu ya ardhi yao kwa zao ambalo halikuwalisha, na ni katika eneo hilo hilo, huko Champaran, ambako Gandhi aliongoza kampeni ya wakulima mwaka 1917. Fedha zilizompeleka kijana Studd katika shule ya Eton na Trinity College, Cambridge, zilizomwezesha kuichezea kaunti ya Middlesex na timu ya taifa bila ujira, na ambazo baadaye alizigawa kwa mikono miwili, zilitoka huko. Msomaji akilijua hili mapema, sura zote zinazofuata zitakuwa na maana zaidi.

Sasa nenda kwenye mchezo. Usijaribu kufundisha kriketi nzima. Msomaji aliyeifuata Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 hahitaji somo hilo, na yule asiyeujua mchezo hawezi kuujifunza katika aya moja. Mpe mambo machache tu: kila upande una watu 11; upande mmoja hupiga na kukusanya mikimbio huku mwingine ukirusha mpira na kuwatoa wapigaji mmoja mmoja; wapigaji 10 wakishatolewa, zamu imekwisha, kwa sababu yule wa 11 hubaki bila mwenzi wa kukimbia naye. Jambo hili la mwisho usiliache, kwa kuwa bila hilo msomaji hataelewa kilichompata Studd mwaka 1882.

Mwaka huo mpe nafasi kubwa, kwani ndio kilele. Studd alikuwa na umri wa miaka 21. Waaustralia walikuja Uingereza wakiwa na timu yenye nguvu sana, naye akawapiga mikimbio 118 akiichezea Cambridge, kisha 114 akiichezea MCC, klabu yenye makao yake katika uwanja wa Lord's. Aliongeza mikimbio 100 katika mechi ya Gentlemen dhidi ya Players. Katika msimu huo, na tena mwaka 1883, alifikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100, yaani wapigaji 100 aliowatoa, jambo ambalo kabla yake lilijulikana hasa kama kazi ya W. G. Grace, mchezaji mashuhuri wa enzi hiyo. Kwa ufupi, alikuwa miongoni mwa wachezaji bora nchini, na hilo lisemwe waziwazi bila kusubiri sura ya dini ili kumpa ukubwa.

Kisha simulia mechi ya Uingereza na Australia katika uwanja wa The Oval, London, ya tarehe 28 na 29 Agosti 1882 kwa mpangilio wa saa, na si kwa sifa. Australia walitolewa kwa mikimbio 63. Uingereza wakapata 101. Australia wakarudi na kupata 122. Uingereza wakahitaji 85 tu ili washinde. Fred Spofforth, mrushaji wa Australia, alitoa wapigaji 7 katika kila zamu. Nahodha wa Uingereza, A. N. Hornby, aliupangua mpangilio wa wapigaji, na Studd, ambaye katika zamu ya kwanza alikuwa ametolewa na Spofforth bila mkimbio hata mmoja, akawekwa nyuma mpaka akawa mpigaji wa 10. Alipoingia mambo yalikuwa yameharibika. Alisimama upande wa pili wa uwanja, hakukabiliwa na mpira hata mmoja, na akatazama mwenzake wa mwisho, Ted Peate, akitolewa Uingereza wakiwa na mikimbio 77. Walishindwa kwa mikimbio 7.

Inasimuliwa kwamba Peate, alipoulizwa kwa nini alijaribu kupiga kwa nguvu badala ya kujilinda na kumwachia mwenzake kazi, alijibu kuwa hakuweza kumtegemea Bwana Studd. Simulizi kama hii iandikwe kama simulizi, kwa maneno ya «inasimuliwa» au «imepokewa», kwa kuwa haina uthabiti wa kadi ya matokeo. Lakini usiitupe. Peate alikuwa mchezaji wa kulipwa kutoka Yorkshire, na simulizi inampa heshima Studd ya kuitwa Bwana hata pale anapolaumiwa. Ndani ya sentensi moja yamo mambo yote uliyoyaeleza juu ya matabaka, na yanakaa humo kwa uzito kuliko katika maelezo yako mwenyewe. Timu ile ilikuwa na waungwana 6 na wa kulipwa 5. Mmoja aliyetoka upande huu na mmoja aliyetoka upande ule ndio waliobaki kushikilia matumaini ya taifa.

Baada ya mechi hiyo gazeti la Sporting Times lilichapisha tanzia ya mzaha iliyosema kuwa kriketi ya Uingereza imekufa, kwamba mwili wake utachomwa moto na majivu (kwa Kiingereza ashes) kupelekwa Australia. Miezi michache baadaye Ivo Bligh aliongoza timu kwenda huko, akina C. T. na G. B. Studd wakiwemo, na ikashinda mechi mbili kati ya tatu za mwanzo. Kikopo kidogo cha udongo alichopewa Bligh, ambacho sasa kimehifadhiwa Lord's, kimebandikwa shairi fupi linalowataja akina Studd kwa jina. Mwandishi akumbuke kueleza kwamba mechi ya nne ilichezwa na Australia wakashinda, kwa maana wengi huikata hadithi kwenye ushindi.

Takwimu za jumla zipewe aya moja fupi, na ziwe na tahadhari. Katika mechi 5 rasmi za kimataifa Studd alipata mikimbio 160, wastani wa 20 kamili, na wiketi 3, idadi ambazo hazifanani hata kidogo na sifa aliyokuwa nayo. Katika kriketi ya daraja la kwanza alivuka mikimbio 4,000 na wiketi 400. Ukikuta vyanzo viwili vinatofautiana kidogo juu ya mchezaji yeyote wa enzi hiyo, usidhani kwamba kimoja ni cha uongo: tofauti hutokana na kutokubaliana juu ya mechi zipi zihesabiwe za daraja la kwanza. Chagua hesabu moja na uifuate katika makala yote. Kumbuka pia kwamba wakati huo ova moja, yaani mfululizo wa mipira ya mrushaji mmoja, ilikuwa na mipira minne, hivyo idadi za ova haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na za leo.

Sasa unafika kwenye mgeuko, na hapa ndipo waandishi wengi huharibu kazi. Majira ya baridi ya mwaka 1883 kwenda 1884 George, ndugu yake, aliugua karibu kufa. Studd alikaa kando ya kitanda chake akitafakari juu ya thamani ya sifa na mchezo, na baada ya George kupona alikwenda kumsikiliza mhubiri Mmarekani Dwight L. Moody, ambaye miaka iliyotangulia alikuwa amembadili baba yao. Andika hivyo tu, kwa utulivu. Usimfanye aone mwanga wala asikie sauti, na usiufanye uamuzi wa siku moja jambo lililochukua mwaka mzima: msimu wa 1884 bado alicheza, na baadhi ya wachezaji wenzake aliwapeleka kumsikiliza Moody. Mwisho wa mwaka huo ndipo alipoamua kwenda Uchina na China Inland Mission, shirika la wamisionari la Hudson Taylor. Tarehe 4 Februari 1885 palikuwa na mkutano wa kuwaaga katika ukumbi wa Exeter Hall, London, na kesho yake vijana saba wakaondoka, kundi lililokuja kuitwa Cambridge Seven ingawa mmoja wao, Dixon Hoste, alikuwa ofisa wa jeshi aliyesoma katika chuo cha kijeshi cha Woolwich.

Eleza kwa nini kuondoka kwao kulitikisa watu. Nchi ilikuwa imezoea kuwaona wamisionari wakitoka katika familia za kawaida. Safari hii aliyeondoka alikuwa kijana ambaye kila msomaji wa magazeti alimjua, aliyekuwa na mali, elimu na nafasi katika timu ya taifa. Heshima ya muungwana wa kriketi ndiyo iliyojaza kumbi za kuwaaga, na kwa hiyo si kweli kwamba aliiacha kriketi nyuma, kwani ilimtangulia kila alikokwenda.

Kuhusu mali aliyoigawa, fuata njia ya hesabu. Inaelezwa kuwa urithi wake ulikuwa kama pauni 29,000, na kwamba mwezi Januari 1887, akiwa Uchina, alituma hundi nne za pauni 5,000 kila moja na nyingine tano za pauni 1,000. Miongoni mwa waliopokea walikuwa Moody na George Müller, aliyeendesha vituo vya yatima huko Bristol. Baadaye alitoa kiasi kingine, na kilichobaki, pauni 3,400, alimpa mchumba wake Priscilla Stewart kutoka Lisburn, Ireland, naye akashauri kitolewe pia. Kikaenda kwa Jeshi la Wokovu. Usizigeuze fedha hizo kuwa shilingi za leo, kwa kuwa namba utakayoipata haitamwambia msomaji lolote la kuaminika. Zilinganishe na malipo ya wakati huo: mchezaji wa kulipwa aliyeitwa kuichezea Uingereza nyumbani alipata pauni 10 kwa mechi. Peate angehitaji mechi 2,900 za namna hiyo ili aufikie urithi wa Studd. Mlinganisho huo unaonyesha ukubwa wa sadaka, na papo hapo unaonyesha umbali kati ya watu wawili waliosimama pamoja The Oval.

Hapa pia ndipo pa kupima chanzo. Wasifu wa Studd unaosomwa kuliko wote, uliotoka mwaka 1933, uliandikwa na Norman Grubb, aliyemwoa binti yake Pauline, akafanya kazi chini yake Kongo, na baada ya kifo chake akawa kiongozi wa shirika lake. Habari za hundi na mazungumzo ya nyumbani zimetufikia hasa kupitia yeye. Hilo halizifanyi kuwa za uongo, ila mwandishi mwaminifu humjulisha msomaji kwamba msimulizi ni mkwe na mrithi wa kazi. Mechi ya kriketi ina kadi, ina magazeti ya pande mbili na mashahidi maelfu; chumba cha faragha huko Uchina kina shahidi mmoja au wawili. Lugha yako ionyeshe tofauti hiyo: «alipiga» kwa kilichoandikwa kwenye kadi, «inaelezwa» kwa kilichopokewa.

Miaka ya Uchina hadi 1894, ziara ya kuhutubia vyuo vya Marekani, na utumishi wa kanisa huko Ootacamund, kusini mwa India, kuanzia 1900 hadi 1906, inaweza kuelezwa kwa aya moja, isipokuwa kama una habari mpya. Kongo inahitaji zaidi. Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 52 na afya mbovu, Studd alisafiri na kijana Alfred Buxton kupitia Kenya na Uganda hadi Ziwa Albert, akavuka kuingia Kongo ya Wabelgiji. Alirudi Uingereza mara moja, akaondoka tena mwaka 1916, na hakuiona nchi yake tena. Kituo chake kilikuwa kwanza Nala, kisha Ibambi. Shirika alilolianzisha likaja kuitwa Worldwide Evangelization Crusade, na kanisa lililotokana na kazi hiyo lipo hadi leo Kongo kwa jina la CECCA 16.

Kazi ya Kingwana ieleze kwa upendo, kwa kuwa ni yetu. Mtu aliyesoma Eton alijifunza Kiswahili cha njia za biashara na vituo vya misitu ya Kongo, akakiandika kwa ajili ya watu wanaokisema, bila kuwataka wajifunze kwanza Kiswahili cha pwani. Mwandishi anayejua Kingwana ana faida hapa kuliko mwandishi yeyote wa London, na aitumie: awaulize wazee wa makanisa ya Ibambi, Wamba na Isiro namna habari zake zilivyopokewa, na ayaandike majina ya wainjilisti Wakongo waliofanya kazi hiyo, ambao katika vitabu vya Ulaya mara nyingi hubaki bila majina.

Wala usiufiche upande mgumu. Priscilla alibaki London akiendesha ofisi ya shirika, na katika miaka hiyo yote alifika Kongo mara moja tu, mwaka 1928, kwa majuma kama mawili. Alifariki mwaka uliofuata. Studd aliwataka wenzake wafanye kazi kwa kiwango ambacho wengi hawakukiweza, aligombana na wamisionari na kamati ya nyumbani, aliachana hata na Buxton, aliyekuwa mume wa binti yake Edith, na katika ugonjwa wake alitegemea mofini, jambo lililozidisha mgogoro. Aliandika kijitabu chenye maneno makali kiasi cha kuwatia aibu marafiki zake. Nashauri mambo haya yaingie katika mwili wa simulizi, mahali pake kwa tarehe, na yasirundikwe mwishoni chini ya kichwa cha kasoro. Mtu aliyezoea tangu ujana kutoa bila kulipwa alidai kila mtu atoe vivyo hivyo, na hakuwa tayari kuona kwamba wengine hawakuanza na kitu alichoanza nacho yeye.

Ukimaliza rasimu, mpe asome mtu anayeijua kriketi na asiyejali habari za kanisa, kisha mpe mtu wa kanisa asiyejua wiketi ni nini. Wa kwanza akiruka kurasa za Kongo, rudi uangalie kama uliacha kuwataja Peate na pauni zake 10 kabla ya kufika huko. Wa pili akiruka The Oval, huenda umemlemea kwa namba. Punguza wastani na ova, umwachie Spofforth, mikimbio 85 iliyohitajika, na kijana aliyesimama upande wa pili akisubiri mpira ambao haukumfikia.